Mkono Uliofunzwa: Habari za Maisha ya Marehemu Athmani bin Fumo wa Ozi

Kwa jina la Mwenyezi Mungu. Hitima imekwisha, kahawa imepita, na kabla hamjatafuta viatu vyenu nawaomba mnisikilize. Mimi ni Mwanasiti binti Fumo, dada wa marehemu, niliyemtangulia kuzaliwa kwa miaka mitatu. Nasoma nikiwa nyuma ya pazia la mlango wa ndani. Wanawake wenzangu wako nami humu, ninyi wanaume mko barazani. Karatasi hii nimeiandika kwa mkono wangu, nikaandika na nakala mbili, moja ya watu wa Ngatana na moja ya Kipini, kwa sababu nataka maneno yawe kwenye wino kabla hayajageuzwa. Yamekwisha kuanza kugeuzwa, na marehemu ana siku tatu tu kaburini.

Siku ya mazishi, mliporudi makaburini, Fundi Shekuwe wa Kipini alikaa hapo hapo mlipokaa akasema, nami nikimsikia: "Athmani alizaliwa na mkono wake. Kipawa cha Mola hakifunzwi wala hakirithiwi. Gambusi yake ikatwe nyuzi, nami niichukue nikaitundike, kama ilivyo ada." Mkaitikia amina, nyote. Ada hiyo naijua. Fundi akifa, nyuzi za gambusi yake hukatwa, na chombo hupewa fundi mkubwa aliye hai akitundike ukutani kwake, kisipigwe tena. Gambusi ya ndugu yangu iko mapajani mwangu sasa hivi na nyuzi zake saba ni nzima. Itakwenda kwa nani, marehemu mwenyewe alisema, na nitawaambia. Lakini kwanza mtasikia maisha yake jinsi yalivyokuwa, kwa sababu neno lile la kwamba alizaliwa na mkono limenikasirisha tangu juzi, na hasira yangu haijapoa.

Marehemu Athmani alizaliwa hapa Ozi tarehe kumi na mbili ya Mfunguo Nane, mwaka 1287, ambao karani wa forodha pale Kipini huuhesabu kuwa 1870. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Fumo, mkulima wa mpunga, na Bi Mwanaarusi. Hakuzaliwa na mkono wowote wa ajabu. Alizaliwa na mikono miwili myembamba kama watoto wote, na alikuwa mvunjaji wa vyombo. Akiwa na miaka minane alilifumua dema la baba, fito kwa fito, akazipanga mchangani mbele ya nyumba. Baba alirudi kondeni akaona dema lake zima limelala chini kama mifupa ya samaki. Alipoulizwa, marehemu akasema, "Nataka kujua samaki akiingia kwa nini hatoki." Alichapwa, akalia, akakaa siku mbili akilisuka upya bila kusaidiwa. Baba alilitega, nalo likashika samaki kama kawaida. Mama alilisimulia jambo hilo mpaka siku ya kufa kwake, na kila mara alicheka mahali pale pale.

Aliingizwa chuoni mwaka 1294, hapa hapa Ozi, akahitimu msahafu mwaka 1300. Mwalimu wetu wa chuo alikuwa mkali wa fimbo, Mungu amrehemu naye, lakini alikuwa na sifa moja ambayo namshukuru kwayo leo. Hakumwambia mtoto "soma vizuri" akamwachia hapo. Kila herufi alitwambia inatokea wapi: hii kooni, hii midomoni, na ile dhadi iliyotutesa sote, ubavu wa ulimi kwenye magego. Tulikuwa tukifungua vinywa, naye akitazama ulimi wa kila mmoja umekaa wapi. Marehemu alishindwa na dhadi mwezi mzima, kisha siku moja ulimi ukakaa mahali pake na dhadi ikatoka safi. Alikuja nyumbani akiikariri njia nzima. Akaniambia, "Dada, haikuwa ngumu. Sikujua tu iko wapi."

Mwaka 1302, akiwa na miaka kumi na mitano, baba alimpeleka Kipini kwa Fundi Shekuwe akajifunze gambusi, pamoja na mbuzi mmoja na vikapu viwili vya mchele. Sasa sikilizeni alivyofunzwa. Mwanafunzi aliketi nyuma ya fundi, upande wa kushoto, asiguse nyuzi mpaka aruhusiwe, na ruhusa yenyewe ilichukua miezi. Fundi alivaa joho la mikono mipana, na mkono wake wa kulia ulikuwa umeshonwa mrefu kupita vidole. Kwa makusudi. Mkono ulioshika risha haukuonekana hata kidogo. Kilichoonekana ni nguo ikipunga. Mwanafunzi akiuliza, jibu lilikuwa moja: "Ufundi hauombwi, huibwa." Haya, mwizi huyo aliyefumbwa macho aibe nini? Vijana waliiba walichokiona, na walichokiona ni nguo inayopunga kuanzia kwenye kiwiko. Basi wote wakapiga kwa kiwiko. Kipini nzima mpaka Kau, vijana walikuwa wakizikata nyuzi kama wanaopasua kuni, na kila mmoja akidhani ndiyo siri ya fundi.

Marehemu alipiga kwa kiwiko miaka mitano. Risha yake, kile kijiti cha unyoya tunachopigia nyuzi, ilikwama kati ya uzi na uzi kama jembe kwenye mizizi. Polepole aliweza. Akiharakisha kidogo, inanasa, wimbo unaanguka. Alijifungia chumbani akipiga kitu kile kile mara mia, na mara ya mia ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza. Alimwuliza fundi wake afanyeje. Fundi akasema, "Rudia." Hilo ndilo somo lake lote kwa miaka mitano: rudia. Mtu akikosea njia, umwambie aendelee kutembea?

Mwaka 1307, mwezi wa Rajabu, kwenye arusi pale Kau, marehemu alipewa nafasi apige wimbo mmoja. Risha ikanasa ubeti wa pili. Fundi Shekuwe akamnyang'anya gambusi mbele ya watu, akauinua mkono wa ndugu yangu juu kama anayeuza kuku, akasema, "Mtazameni! Mkono huu ni wa kulima. Mrejesheni kondeni." Watu wakacheka. Baadhi yenu mlicheka. Wengine mko hapa leo mmevaa kanzu nyeupe mkisema marehemu alikuwa na kipawa.

Alirudi Ozi kwa miguu. Hakula siku ile. Asubuhi yake nilimkuta nyuma ya nyumba akiupiga ukuta kwa mkono wa kulia, ukuta wa mawe, ngozi imechubuka mpaka damu. Akasema, "Kama ni wa kulima, basi wa nini?" Nilimshika nikamfunga kitambaa. Nilikuwa na hasira, na hasira ile haikuwa na pa kwenda kwa sababu mimi ni mwanamke, na fundi ni fundi.

Lakini mimi nilikuwa msusi. Bi Salama, mke wa Fundi Shekuwe, alikuwa akiniita kumsuka, nami sikuacha kwenda kwa sababu ya arusi ile. Mwezi wa Shaabani mwaka huo huo nilikuwa uani kwake, kichwa chake kiko magotini mwangu, fundi akatoka chumbani kifua wazi, kikoi tu kiunoni, akaketi kwenye kiti cha uani akaanza kumpigia mjukuu wake. Hakunijali. Msusi ni sawa na mkeka. Kwa mara ya kwanza mtu asiye wa nyumba ile aliuona mkono wa Fundi Shekuwe. Kiwiko chake kilikuwa kimelala juu ya gambusi, hakitembei. Kilichotembea ni kifundo cha mkono peke yake, kidogo sana, kama mtu anayekung'uta maji vidoleni. Nilisahau kusuka. Bi Salama akaniambia, "Mwanangu, umelala?"

Nilikwenda moja kwa moja kondeni kwa ndugu yangu, nikamkuta kwenye maji ya mpunga. Nikamwambia, "Kiwiko hakitembei."

"Kinatembea. Nimekiona miaka mitano."

"Umeona nguo, Athmani. Nguo ndiyo inayotembea. Mimi nimeona mkono."

Alikikunja na kukikunjua kiwiko chake, maji yamemfika magotini. Kisha akasema neno ambalo sitalirudia kwenye hitima, akatupa jembe.

Mwaka uliofuata, 1308, ulikuwa mwaka wa vita vya Witu. Watu walikimbia huku na huku, arusi zilikuwa chache, nasi tulikaa ndani. Mwaka huo ndio uliomfanya marehemu, na ninyi hamkuwapo, kwa hiyo nitawaeleza. Alikifunga kiwiko chake kwenye gambusi kwa kipande cha leso ya mama, kisiweze kutembea hata kikitaka. Akapiga uzi mmoja tu siku saba. Uzi mmoja ukawa safi. Akaongeza wa pili, risha ikanasa tena. Nilidhani atarudi kwenye ukuta. Badala yake aliniomba masizi ya chungu changu. Alipaka masizi kwenye ncha ya risha, akapiga pigo moja la kushuka, akasimama, akatazama. Uzi wa jirani ulikuwa na weusi. Akafuta, akapaka tena, akapiga pigo moja la kupanda. Hakukuwa na weusi popote.

Akaniita. "Dada, tazama. Nikishusha, risha inazama katikati ya nyuzi, inaugota uzi wa pili. Iko ndani, imefungiwa. Nikipandisha, inatoka nje hewani. Sasa nikitaka kuuhamia uzi mwingine nikiwa ndani, nitapitaje?"

"Utanasa."

"Nitanasa! Miaka mitano nahama nikiwa ndani!"

Alicheka mpaka akakaa chini, na machozi yakimtoka. Kumbe kila wimbo ulitaka kuhesabiwa: kabla ya kuhamia uzi mwingine, pigo la mwisho liwe la kupanda. Mapigo mawili, manne, sawa. Yakiwa matatu, sauti ya tatu aliidonoa kwa kidole cha mkono wa kushoto bila risha. Alizichukua nyimbo zote alizozijua akazifumua pigo kwa pigo, akaziandika kwa vistari, kinachoshuka na kinachopanda, na alipokwama hakurudia. Alisimama akauliza risha iko wapi, imetoka wapi, inakwenda wapi. Haya ndiyo aliyofunzwa chuoni, herufi inatokea wapi. Hamkuona kipawa, enyi mlioitikia amina. Niliona masizi kwenye leso yangu mwaka mzima, na niliyafua mimi.

Mwaka 1309, mwezi wa Mfunguo Mosi, marehemu alipiga kwenye arusi Kipini, mikono ya kanzu ameikunja hadi juu ya viwiko. Vidole vilikimbia na risha haikunasa hata mara moja. Wanawake tulipiga vigelegele mpaka sauti zikakauka. Baada yake vijana walimzunguka wakamwuliza umefanyaje, naye, bila kuficha, akawaambia. Akawashika mikono mmoja mmoja, akawaonyesha kiwiko kinapolala, risha inapozama na inapotoka. Hilo ndilo kosa lake. Hakutukana mtu, hakumtaja fundi wake kwa ubaya. Alieleza.

Fundi Shekuwe alisimama akasema, "Huyu ameniibia." Marehemu akamjibu kwa adabu, "Fundi wangu, si wewe uliyesema ufundi huibwa?" Watu wakacheka, na safari hii walimcheka fundi. Basi akachomoa kisu akazikata nyuzi za gambusi ya ndugu yangu, zote saba, mikononi mwake, mbele ya bwana arusi. Asubuhi yake mafundi wa Kipini na Kau walikubaliana kwamba Athmani bin Fumo hatapiga tena kwenye arusi yoyote tokea mlango wa mto mpaka Kau. Wazee walikuwapo. Baba yetu alikuwapo, Mungu amsamehe, akanyamaza. Hakuna aliyeuliza kosa ni lipi. Nina miaka arobaini sasa na bado nangoja mtu mmoja aniambie kosa lilikuwa lipi.

Mwaka 1310 marehemu alipanda mto. Alikwenda Ngatana, kisha upande wa Garsen, akapewa kipande cha ardhi ukingoni akalima mpunga na ndizi. Mkono wa kulima, kama alivyoambiwa, alilima nao. Lakini jioni alipiga, na watu wakaja. Wa kwanza alikuwa Godhana, ambaye yuko hapo barazani karibu na nguzo na hapendi nimtaje. Godhana ana mikono minene, mikono ya kuendesha mtumbwi, na mwezi wa kwanza risha ilimvunjikia kila siku. Siku moja alisimama na gambusi akaelekea mtoni kuitupa. Marehemu alinisimulia mwenyewe.

Godhana alisema, "Mimi nachoka kabisa. Hii kitu iko na shetani."

Marehemu akamwuliza, "Shetani yuko uzi wa ngapi?"

Godhana akafikiri. "Ya tatu."

"Ukishusha au ukipandisha?"

"Nikishusha. Hapana, ngoja. Nikishusha halafu nataka kwenda ya nne."

"Basi tumemshika. Rudi ukae."

Hivyo ndivyo alivyofunza. Hakuna mwanafunzi aliyeambiwa rudia. Mtu akikasirika, marehemu alifurahi kabisa, akasema hasira inajua mahali inapouma, iulize. Mimi hilo sijaliweza. Alifunza watu kumi na saba kwa miaka kumi na minne: Wapokomo wakulima, mchungaji mmoja wa Kiorma aitwaye Halake aliyekuja na ng'ombe wakati wa kiangazi na kusahau yote kila mvua ikinyesha, na wanawake watatu. Hakuna hata mmoja kati yao aliyezaliwa na mkono. Marehemu aliwakataa wawili tu, na wote wawili kwa sababu walijisifu kuwa wana kipawa.

Alimwoa Tuneya, dada yake Godhana, tarehe tano ya Mfunguo Sita, mwaka 1313. Tuneya yuko humu ndani nami, ameegemea ukuta, na kwa eda yake hamtamwona. Alikuwa mmoja wa wanafunzi, na siku ya kwanza alimwambia marehemu, "Wewe nafunza vizuri, lakini nalima vibaya. Hii ndizi yako nakufa." Akamwonyesha jinsi ya kuipunguza migomba. Marehemu alikuja Ozi kutuambia kwamba amepata mwalimu. Waliishi miaka kumi na miwili bila mtu kuwaamua ugomvi, na mwenye ushahidi mwingine aseme sasa.

Mwaka 1323 habari zilifika kule juu mtoni kwamba Fundi Shekuwe ameteleza kwenye ngazi za bandarini Kipini na kuvunjika kifundo cha mkono wa kulia, na aliyemfunga mifupa alimfunga vibaya. Kifundo kiliunga kikawa kigumu kama mpini. Vidole vyake vinakunjika, lakini mkono haupindiki, na gambusi hakuigusa tena. Nilipozisikia nilisema alhamdulillahi, tena kwa sauti. Sitaificha dhambi hiyo, iko kwenye karatasi. Marehemu alifunga safari kwenda kumjulia hali. Mlango haukufunguliwa. Alikaa kwenye kizingiti cha Fundi Shekuwe tangu adhuhuri mpaka alasiri, kisha akarudi zake. Nilimwambia, "Umejidhalilisha." Akasema, "Nilikuwa nikifikiri mkono wake ulivyo." Nikaona amerukwa na akili.

Mwaka huu wa 1325 mto ulifurika mwezi wa Mfunguo Sita. Marehemu alishinda siku nne majini akiokoa mpunga wa majirani, wake umekwisha kwenda, na kichomi kikamshika. Godhana alimleta Ozi kwa mtumbwi, kwa sababu alitaka kuwa kwangu. Nilimkanda, nilimpa dawa za majani na kisha dawa ya Mhindi wa Kipini, nikamwita mwalimu akamsomea. Kifua hakikufunguka. Alikuwa akikohoa na kuniambia, "Dada, inaanza upande huu, halafu inahamia hapa," akinionyesha kwa kidole, kana kwamba tungeweza kuifumua nayo. Hilo halikufumuka. Nimeukasirikia mto, nimemkasirikia Mhindi, na leo nawaomba radhi wote wawili, ila mto bado.

Siku mbili kabla hajafa aliomba karatasi. Aliyeandika ni mwalimu wa chuo wa sasa, mashahidi wawili ni Godhana na imamu wetu, na karatasi ninayo. Inasema: "Gambusi yangu isikatwe nyuzi. Apewe yule ambaye mkono wake umeharibika kuliko wote kati ya Kipini na Garsen, na afunzwe mpaka aweze."

Nikamwuliza ni nani. Akasema, "Unamjua, dada."

Nilimjua. Nikasema, "Simpi! Afadhali niichome!"

Akangoja kikohozi kipite. "Mkono wa kulia umekufa kifundo, lakini vidole vinakunjika. Vidole vikikunjika vinaweza kubonyeza nyuzi. Basi risha ishikwe na mkono wa kushoto. Mgeuzieni nyuzi, ya chini iwe ya juu. Nilifikiri hivyo siku ile pale kizingitini. Inawezekana kabisa."

"Amekutesa, Athmani. Amekufukuza kwenu."

"Amefunzwa vibaya. Naye alifichwa mkono na fundi wake. Angejua wapi?"

Nililia kwa hasira, na yeye akalala. Athmani bin Fumo alifariki tarehe kumi na tisa ya Mfunguo Saba, mwaka 1325, baada ya sala ya alfajiri, nyumbani kwangu hapa Ozi, akiwa amebakiza wiki tatu kutimiza miaka thelathini na minane, akazikwa siku ile ile alasiri karibu na baba na mama. Amemwacha mjane, Tuneya. Watoto wawili, Mwanaarusi mwenye miaka kumi na Dhadho mwenye miaka sita. Dada mmoja, mimi Mwanasiti. Shemeji yake Godhana. Na wanafunzi kumi na saba, ambao watano wamekuja kwa mtumbwi na wameketi nyuma kwa sababu hakuna aliyewapisha mbele. Wapisheni.

Sasa, Fundi Shekuwe. Umesema kipawa hakifunzwi wala hakirithiwi. Asubuhi hii Godhana amezigeuza nyuzi saba, na kabla ya hitima Mwanaarusi, mtoto wa marehemu, alizipiga humu ndani kwa mkono wake wa kushoto, ambao hajawahi kuushikia risha, taratibu, sauti kumi na mbili bila kunasa. Yeye ndiye atakayekufunza. Atakuuliza maswali kama ya baba yake nawe utamjibu, naye ataketi mbele yako umwone. Darasa ni kila Jumatatu baada ya alasiri, hapa barazani, mlango wazi, na anayetaka kutazama atazame. Ukikataa, ikatae hapo ulipo, watu wakisikia, na gambusi itapanda mto kwa Halake. Kutundikwa ukutani haitatundikwa.

Mimi sijakusamehe. Naandika hivi ili isije ikasemwa kesho kwamba dada yake Athmani alikuwa na moyo mkubwa. Moyo mkubwa ulikuwa wake, na nimeukasirikia pia, lakini wasia ni wasia na mimi ni mtoto wa Fumo. Najua si adabu kupokea kitu kwa mkono wa kushoto mbele ya watu. Mkono wako wa kulia hauwezi, na hakuna hapa atakayekulaumu.

Mola amlaze ndugu yangu mahali pasipo na uchovu, ampe nafasi na nuru. Godhana, pitisha mkono chini ya pazia uichukue. Mpelekee.